Nasema ‘please’ kila mara, mbona wageni wananiona jeuri?

*“Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo ya ufukweni hapa Unguja, mwaka wa pili sasa. Nimekulia Pangani, na nyumbani sikuwahi kuambiwa sina adabu. Mwezi uliopita walikuja mke na mume saa tano asubuhi, ndio kwanza wametoka kwenye boti. Chumba chao kilikuwa bado. Nikawaambia, ‘Your room is not ready. You wait there, please.’ Kisha, ‘Give me your passports, please.’ Yule mama akauliza, ‘Isn't breakfast included?’ Nikamjibu, ‘Yes.’ Mwisho nikasema, ‘You must pay government tax.’ Hatukugombana. Lakini walipoondoka wakaandika mtandaoni kwamba hoteli ni nzuri, ila msichana wa mapokezi ni ‘rude’ na aliwadanganya kuhusu kifungua kinywa, maana walikula kisha wakaletewa bili. Meneja alinisomea mbele ya wenzangu. Nililia. Mimi nasema please kila mara! Je, ni lafudhi yangu? Nijifunze kuongea puani kama wao? Kuna kozi ya mtandaoni ya shilingi laki tatu, karibu mshahara wangu wote, niilipe? Na je, niwaandikie wale wageni kuwaomba radhi?”*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kusomewa maneno kama hayo mbele ya wenzako kunauma, na ilimpasa meneja akuite pembeni. Mimi nilikaa kaunta miaka kumi na mmoja kabla ya kuanza kufundisha Kiingereza cha hotelini, na swali lako naletewa karibu kila darasa. Wanaliuliza wahudumu wa mezani, wanaliuliza madereva wa safari, wanaliuliza wapagazi wa Kilimanjaro waliopanda cheo wakawa waongozaji. Wengi wao, kama wewe, ni watu waliolelewa wakaleleka. Wewe si jeuri, na lafudhi yako haihusiki. Kilichotokea ni kwamba maneno uliyavusha kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, lakini adabu yake ikabaki ng'ambo.

Tuanze na hiyo please, maana ndiyo iliyokupoteza. Shuleni tuliambiwa please ni ‘tafadhali’, na kwamba ukiibandika kwenye sentensi yoyote, sentensi inakuwa ya heshima. Hata kwa Kiswahili si kweli. Jaribu kumwambia bibi yako kule Pangani, ‘Nipe maji, tafadhali.’ Atakuangalia mara mbili. Unachomwambia bibi ni ‘Naomba maji ya kunywa, bibi’. Humo tafadhali haimo kabisa, na heshima imetimia. Kwa Kiingereza mambo ni yale yale: ‘Give me your passports, please’ ni amri iliyowekewa please mkiani. Tena ukiitamka kwa mkazo, ile please ya mwisho inasikika kama ya askari aliyeanza kuchoka.

Sasa tazama Kiswahili kinaiweka wapi heshima. Ipo kwenye salamu zinazotangulia shida. Ipo kwenye jina unalomwitia mtu, dada, kaka, mama, mzee, hata kama humjui. Ipo kwenye kitenzi: ‘lete’ ni amri, ‘naomba uniletee’ ni ombi. Ipo kwenye kineno ‘kidogo’ tunachokitia kila mahali, ngoja kidogo, sogea kidogo, nisaidie kidogo. Kiingereza hakina shikamoo. Hakina ‘dada’ ya kumwita mtu uliyekutana naye leo. Kitenzi chake cha amri ni kile kile mbele ya mtoto na mbele ya balozi. Wenye lugha yao wakaipeleka adabu mahali pengine, kwenye swali. Mtu akitaka chumvi hasemi ‘nipe’. Anauliza kama ungeweza kumpa, ‘Could you pass the salt?’ Swali hilo halingoji jibu la ‘ndiyo, naweza’. Ni ombi lililovaa kanzu ya swali.

Na kwa nini iwe could, isiwe can? Could ni can ya wakati uliopita, kama would ilivyo will ya wakati uliopita. Wakati uliopita unalisogeza ombi mbali kidogo na uso wa mtu, apate nafasi ya kukataa bila aibu. Usilione hili ni jambo geni. Ukiingia ofisini kwa mkubwa husemi ‘nataka’, unasema ‘nilikuwa naomba’. Hiyo ‘nilikuwa’ ni ya nini, na shida unayo sasa hivi? Ni ya adabu. Na ile ‘-nge-’ ya ‘ningependa kuuliza’ ndiyo would yenyewe. Kwa hiyo chombo unacho tayari, umekulia nacho. Kila unapotaka kusema ‘you want’ au ‘I want’, jiulize kwa Kiswahili ungetia ‘-nge-’. Kama ungeitia, basi sema would. ‘You want coffee?’ inageuka ‘Would you like some coffee?’

Turudi kaunta kwako, saa tano asubuhi ile.

Wageni wameshuka botini, jua kali, begi begani, pengine mmoja bahari imemchafua tumbo. Ukawaambia chumba bado, subirini pale. Kwa Kiswahili ungesema, ‘Karibuni sana, poleni na safari. Chumba bado kidogo wanakisafisha, karibuni mkae hapa kivulini.’ Hebu hesabu: umewakaribisha, umewapa pole, umewapa sababu, umewapa mahali pa kukaa. Ulipoingia kwenye Kiingereza hivyo vyote vikadondoka, kikabaki kile cha mwisho tu, na neno ‘there’ likiwa limeelekezwa kwa kidole. Hayo ndiyo waliyoyasikia. Siku nyingine sema hivi, taratibu, huku unamtazama mtu usoni:

‘Good morning, and welcome. You must be tired after the boat. I'm afraid your room isn't quite ready yet. They're still cleaning it, but it'll be ready by two. Would you like to sit in the shade, and I'll bring you something cold to drink?’

‘You must be tired’ ndiyo ‘poleni na safari’ yako. Must hiyo haimlazimishi mtu. Ni ile ya ‘lazima atakuwa amechoka’, ya kukisia kwa huruma. ‘I'm afraid’ haina hofu ndani yake. Ni mlango wa habari mbaya: ukisema hivyo, mgeni anajua kinachofuata si kizuri na kwamba wewe mwenyewe hukifurahii. Jifunze kuitanguliza kila unapokataa au unapokosa kitu. ‘They're still cleaning it’ ni sababu, na sababu kwa Wazungu wengi ni sehemu ya heshima yenyewe; bila sababu wanahisi wanaamrishwa. ‘By two’ ni ahadi yenye saa. Wageni wanavumilia sana kungoja kama wanajua mwisho wa kungoja.

Hapo kwenye saa, simama kidogo. Two ni saa nane mchana, na kosa hili halimwachi hata mwenye Kiingereza kizuri, kwa sababu kichwani tunahesabu kwa jua. Nimewahi kuwaona watu wamefunga mabegi wamekaa getini tangu usiku wa manane wakingoja gari la ‘one o'clock’ kwa sababu mwenzetu alichukua ‘saa moja’ ya asubuhi akaitafsiri neno kwa neno. Tamka saa kwa mdomo, halafu iandike kwenye karatasi kwa tarakimu: 14:00. Usione haya kuandika.

Pasipoti sasa. ‘Naomba pasipoti’ kwa Kiingereza ni ‘Could I have your passports, please?’ Hapo please inakaa vizuri, kwa sababu imekuja juu ya swali. Usiseme ‘I beg’, maana hiyo ni ya mtu anayelia msaada. Kisha ongeza kijisentensi kimoja: ‘I just need to make a copy, and I'll give them straight back.’ Mtu aliye mbali na kwao hana kitu cha thamani kuliko kile kitabu. Ukimwambia unakichukua cha nini na utakirudisha lini, unamtua mzigo. Na ile ‘just’ ndiyo ‘kidogo’ yetu.

Lililokuharibia kweli kweli ni lile jibu lako la neno moja. Nataka ulielewe vizuri kuliko yote, kwa sababu humo hamna suala la ulaini wa maneno. Wale watu waliamini umesema uongo. Kwa Kiswahili, mtu akiuliza ‘Kwani kifungua kinywa hakimo?’ na kweli hakimo, tunajibu, ‘Ndiyo, hakimo.’ Tunakubaliana na maneno yake. Kiingereza hakiangalii maneno ya muulizaji, kinaangalia jambo lenyewe. Likiwepo ni yes, lisipokuwepo ni no, hata swali likiulizwa kwa kukanusha. Wewe moyoni ulisema, ‘Ndiyo mama, hakimo.’ Yeye akasikia, ‘Ndiyo, kimo.’ Akala kwa raha zake, asubuhi bili ikaja. Wewe hukudanganya, na yeye hakukusingizia. Lugha mbili zilipishana kwenye mlango mwembamba.

Dawa yake usiitafute kwenye kukariri kanuni, maana kaunta ikiwa na watu sita kanuni inakimbia. Dawa ni kutojibu kamwe kwa yes au no peke yake. Jibu kwa sentensi nzima: ‘Breakfast isn't included in your booking, but you can add it if you'd like.’ Hapo hata ukikosea yes na no, sentensi inakuokoa. Mwambie na mwenzako wa jikoni, kwani kwake yeye hili ni suala la uhai. Mgeni mwenye mzio akiuliza, ‘There aren't any nuts in this, are there?’ na mhudumu akajibu ‘No’ kwa maana ya ‘hapana, zimo’, mtu anaweza kufa. Jibu ni moja tu: ‘There are peanuts in it’, au ‘I'm not sure. Let me ask the chef.’ Na aende kweli akamuulize mpishi.

Suala la ushuru ni jepesi. ‘You must pay’ inamweka mgeni kwenye kundi la wanaokwepa. Yeye hana ugomvi na kodi ya miundombinu. Ugomvi wake ni kushtukizwa nayo kaunta baada ya kudhani amelipa kila kitu. Kwa hiyo iondoe kwako na kwake, iache isimame yenyewe: ‘There's a government infrastructure tax, charged per person, per night. It isn't included in your booking. Would you like to pay it now, or when you check out?’ Huyo ‘you must’ hayumo tena, na mgeni amepewa la kuchagua. Kulipa atalipa vile vile.

Kuna maneno yetu mawili ambayo hayana mwenzao kwa Kiingereza, na ndiyo tunayoyapenda kuliko yote. La kwanza ni ‘pole’. Tukiitafsiri ‘sorry’, mgeni aliyejikwaa ngazini anashangaa: kwani wewe ndiye uliyemwangusha? Sorry yao ina harufu ya kosa ndani yake. Aliyejikwaa muulize, ‘Are you all right?’ Aliyebeba begi zito mwambie, ‘Let me help you with that.’ Aliyefiwa au aliyepata habari mbaya kutoka kwao mwambie, ‘I'm so sorry to hear that’. Hapo sorry inafaa, maana ‘to hear that’ imeonyesha unasikitika kwa ulichokisikia. ‘Sorry for your journey’ iache kabisa, inasikika kana kwamba safari ilikuwa msiba. La pili ni ‘karibu’. Neno hilo moja kwa Kiingereza linagawanyika vipande: mlangoni ‘Welcome’, mtu akigonga ‘Come in’, kwenye kiti ‘Please have a seat’, kwenye chakula ‘Please help yourself’, akikushukuru ‘You're welcome’, na akiaga ‘We hope to see you again’. Ukisema ‘Welcome’ kwa yote sita utaeleweka nusu. Lakini ‘karibu’ na ‘pole’ zenyewe usizifiche. Wafundishe wageni. Wengi wanazipenda kuliko kitu chochote wanachoondoka nacho, na mimi naona ni haki yao kuzisikia hapa zilikozaliwa.

Mengine nayapitia haraka. Ukiitwa, usiitike ‘Yes?’ ukidhani ni ‘abee’. Kwao inasikika kama ‘unataka nini?’ Sema, ‘Good morning, how can I help?’ Usiposikia usiseme ‘What?’, sema ‘Sorry?’ kwa sauti inayopanda. ‘Of course’ kama jibu la ‘Is there Wi-Fi?’ inaweza kusikika kama ‘hata hilo hulijui?’, sema, ‘Yes, there is, and it's free.’ Mr na Mrs huenda na jina la ukoo, si la kwanza, kwa hiyo ‘Mr Peter’ ni kama mtu aliyevaa koti bila shati. ‘Good night’ ni ya kuagana. Mgeni akiingia usiku mpokee kwa ‘Good evening’. Na chunga sana he na she. Kiswahili chetu hakibagui, ‘amefika’ ni mwanamume na ni mwanamke, kwa hiyo ulimi wetu huchukua chochote kilicho karibu. Kumwita mke wa mtu ‘he’ mbele yake kunaudhi, na hawajui kwamba kwetu hamna tofauti. Ukiona umebabaika, tumia jina: ‘Mrs Brown has gone to the beach.’

Kuhusu ‘mzee’: mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpokea mgeni wa makamo kwa ‘Welcome, old man’, nikiamini nimempa cheo chake. Alinyamaza, akachukua funguo akaenda. Ilinichukua muda kujua kwamba kwao uzee si heshima anayopewa mtu na asiyemjua. ‘Sir’ inatosha, na ‘madam’ inatosha. Vivyo hivyo kumwambia mgeni aliyerudi mwaka wa pili ‘You have become fat’. Sisi tunamaanisha amependeza, maisha yamemkubali. Yeye atalala na njaa.

Upande wa pili wa jambo hili ni kusikiliza, na hapa hasa Waingereza watakusumbua, kwa sababu wanalalamika kwa kunong'ona. Mgeni akisema, ‘The water's a little bit cold’, usimjibu ‘Okay’ ukaendelea na kazi zako. ‘A little bit’ yake ni sawa na mtu wa kwetu kusema ‘maji ya barafu haya, nimeshindwa kuoga’. ‘I was wondering if there was a quieter room’ haina kuwaza ndani yake. Anataka kuhamishwa leo. Usipomsikia kwa sauti hiyo ndogo, atakunyamazia hadi aondoke, kisha aandike. Bila shaka wale wako waliona lipo tatizo pale pale kaunta, ila kwao kulisema mbele yako ndiko kungekuwa ukosefu wa adabu. Kwa hiyo likitajwa jambo, hata dogo, lichukue kama limepigiwa kelele: ‘I'm sorry about that. I'll send someone to look at the heater, and I'll call you in ten minutes.’ Kisha dakika ya kumi piga simu, hata kama fundi hajafika. Kwetu ‘tutashughulikia’ ni jibu kamili; kwao ni mlango uliofungwa taratibu. Na mtu akipandisha hasira usimwambie ‘Calm down’. Sijawahi kuona aliyetulia kwa maneno hayo.

Wamarekani kwa kawaida husema wazi zaidi, lakini nao wana yao. Akiuliza ‘bathroom’ hataki kuoga, anatafuta choo. Akiambiwa chumba kiko ‘first floor’ hatapanda ngazi, maana kwake hiyo ndiyo ya chini kabisa, wakati kwa Mwingereza ni ya juu yake. Mwoneshe kwa mkono.

Halafu kumbuka hapo Unguja unapokea Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi, na wengi wao Kiingereza walikikuta shuleni kama wewe. Huyo usimpakie ‘I was wondering if you could possibly’, atazama. Sentensi fupi, could moja, tabasamu, na sababu. Ndiyo maana suala la kuongea puani nakukataza kabisa. Lafudhi ya Mswahili inasikika vizuri, inatamka kila silabi, na wageni wengi wanaielewa kuliko ya Mwingereza wa mtaani. Ukiigiza, unatumia nguvu zako zote kwenye pua na hubakiwi na nguvu za kumsikiliza mtu. Kitu kimoja tu cha sauti kinastahili kazi: swali la ‘Would you like’ na ‘Could I have’ lianze laini na limalizike kwa kupanda kidogo. Likianguka kwa kishindo, linarudi kuwa amri.

Kuna wakati adabu hii yote unaiweka chini, na ni lazima uujue. Mwongozaji wa Kilimanjaro anayemwona mgeni anayumba kama mlevi au anaongea visivyoeleweka hamwambii ‘Would you like to go down?’ Anamwambia, ‘We're going down now’, na wanashuka, hata kama kilele cha mita 5,895 kinaonekana. Moto, mtu anayezama, gari linalorudi nyuma, hapo ni ‘Stop!’ na ‘Get out!’ tu. Vile vile kwako wewe, msichana peke yako kaunta usiku: mgeni akikushika mkono asikuachie, au akikutolea maneno machafu, huna deni la would wala la tabasamu. ‘Please don't touch me.’ Akirudia: ‘Stop that. I'm calling the manager.’ Mwite kweli, na muandike tukio kwenye kitabu cha zamu lenye saa na namba ya chumba. Meneja akikupuuza au likizidi hapo, ni la polisi. Na mgeni akiugua, usitegemee Kiingereza chako wala programu ya kutafsiri ya kwenye simu kumweleza daktari mambo ya dawa na mzio. Mtafute anayekijua vizuri, au mkabidhi daktari simu aongee mwenyewe na ndugu za mgeni.

Programu hizo za simu kwa mambo mengine si mbaya. Zinakupa neno la ‘chujio’ au ‘chandarua’ haraka. Lakini ukiziandikia ‘lete pasipoti tafadhali’ zitakurudishia ile ile amri yenye please mkiani, kwa sababu zinatafsiri ulichoandika, hazijui umesimama mbele ya nani.

Kozi ya laki tatu, kwa mshahara wako, mimi nisingeilipa kwa sasa. Kozi nyingi za mtandaoni zitakufundisha sarufi ambayo sentensi zako zinaonyesha unayo tayari. ‘Your room is not ready’ haina kosa la sarufi hata moja. Unachohitaji ni sentensi kama kumi na tano za kazi yako, zimekaa mdomoni mpaka zitoke zenyewe, na mtu wa kukusikiliza. Chukua zile za pasipoti, chumba, kodi na kifungua kinywa nilizokuandikia. Jirekodi kwenye simu. Mwombe mwenzako awe mgeni, mbishi, mchovu, mwenye mtoto analia, mfanye dakika kumi kabla ya zamu kwa wiki mbili. Usiongeze sentensi mpya kabla za kwanza hazijalainika.

Sauti lakini siwezi kuirekebisha kwa maandishi. Kama baada ya wiki hizo bado wageni wanakunja uso, tafuta mwalimu wa ana kwa ana, akusikie ukiongea. Hapo Unguja anza na SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kampasi yao ya utalii ya Maruhubi, uulize kozi fupi. Bara kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, Dar es Salaam na Arusha, na chuo cha hoteli cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kule Njiro, Arusha, na walioko Kenya wanakijua Chuo cha Utalii cha Kenya (Kenya Utalii College) kilichoko Nairobi, kilichoanza 1975. Kabla ya kutoa senti yako, mwambie meneja hoteli ikulipie au ichangie. Wewe ndiye sura ya kwanza ya biashara yake, na tangu uanze kazi ulitakiwa uwe umefundishwa.

Umebakiza swali la kuwaandikia. Usiwaandikie wewe, na usitumie simu yako binafsi. Jibu linatoka kwa hoteli, chini ya maoni yale yale, kwa jina la meneja. Na kabla ya jibu, mshauri awarudishie pesa ya kile kifungua kinywa, kwa sababu waliuliza kabla ya kula na jibu walilopewa lilisema kimo. Kisha aandike: ‘Thank you for staying with us, and for telling us about this. When you asked about breakfast, our answer wasn't clear, and we're sorry. We have refunded the charge. We would be very glad to welcome you again.’ Humo hamna msichana wa mapokezi, hamna ubishi juu ya neno ‘rude’, na hamna uongo. Mpelekee leo, umsomee mwenyewe, mkiwa wawili tu ofisini.